Sufuria si sayari, jamani!

Najua nimepotea. Kazi zimekuwa nyingi na kuandika hapa hakulipi kodi ya nyumba. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Mambo yalianza mwaka jana, nilipopewa kazi ya kutengeneza tovuti ya maonyesho fulani ya picha hapa Nairobi. Waandaaji sitawataja. Picha zenyewe zilikuwa dhahania, zile ambazo ukizitazama hujui unatazama nini: kitako cha sufuria iliyoungua, oili ya injini ikielea juu ya dimbwi kule Kirinyaga Road, mabati yaliyoshika kutu, maziwa yakimiminwa ndani ya chai ya rangi. Kila moja ilikuwa imekuzwa hadi ikajaza ukuta. Na mada ya maonyesho yote, amini usiamini, ilikuwa ukubwa wa ulimwengu. Maelezo ya mlangoni yalikuahidi kwamba ukisimama mbele ya picha hizo utahisi upana wa anga na udogo wako mwenyewe.

Picha zilikuwa nzuri. Nalisema hilo mapema asije mtu akaniambia sina jicho la sanaa. Ile ya sufuria hasa, ungeapa ni sayari iliyopigwa na vimondo kwa miaka bilioni nne.

Sasa mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nikaongeza kitu kidogo ambacho hakuna aliyekiomba. Chini ya kila picha niliweka mstari mwembamba mweupe, kama ule wa ramani, unaoonyesha sentimita tano ni urefu gani katika picha ile. Nikawatumia waone. Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa: "Kaka, ondoa hiyo mistari. Inaua uchawi." Nikaiondoa. Nusu ya malipo yangu ilikuwa bado mikononi mwao.

Ningekuwa nimeshasahau, lakini mwezi uliopita nilimtembelea dada yangu na mwanawe akanionyesha kazi yake ya shule kuhusu mfumo wa jua. Yuko gredi ya sita. Amekata manila nyeusi, akabandika jua na sayari nane, kazi safi. Halafu kwenye kona akaweka nyingine, kubwa kuliko zote, ya rangi ya kahawia yenye makovu. Nikaitambua. Ilikuwa ile sufuria. Aliitoa kwenye tovuti niliyoitengeneza mimi, ambako imeandikwa jina la kishairi na neno "ulimwengu", basi. Mwalimu ameweka tiki nyekundu juu yake. "Mjomba," akaniuliza, "hii iko mbali kiasi gani?"

Nikamwambia iko jikoni. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameshasimama mbele ya darasa zima akaieleza.

Ndiyo maana naandika. Mtoto aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika maonyesho yale, na picha haikuwa na jibu, kwa sababu kuna mtu aliamua kwamba jibu linaua uchawi. Na kuna mtu mwingine, mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi, aliyefuta jibu lenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Hebu tuangalie picha dhahania inavyofanya kazi. Inafanya kazi kwa kunyang'anya. Inamnyang'anya mtazamaji kila kitu ambacho kingemwonyesha ukubwa: mkono wa mtu, mlango, mti, mahali mbingu inapokutana na ardhi. Jicho likikosa pa kushika linaanza kubahatisha, na huko kubahatisha ndiko kwenye utamu. Sina ugomvi na utamu huo. Lakini angalia kilichotupwa ili upatikane. Ni ukubwa. Sasa mtu aliyeutupa ukubwa dirishani atauuzaje ukubwa mlangoni?

Isitoshe kutu, mawingu, miamba, pwani na povu vina tabia moja ya ajabu: ukivitazama kwa karibu au kwa mbali vinafanana. Benoit Mandelbrot aliliandikia jambo hili mwaka 1967 akitumia mfano wa pwani ya Uingereza, na hesabu zake ndizo zinazotumika leo kuchora milima ya uongo kwenye michezo ya tarakilishi. Wanajiolojia walilijua siku nyingi kwa njia yao. Wakipiga picha ya mwamba huweka nyundo au sarafu kando yake, kwa sababu bila hiyo nyundo ufa wa kidole na bonde zima ni kitu kimoja. Kwa hiyo sufuria kufanana na sayari si ishara ya siri kubwa ya ulimwengu. Ni kwamba umeondoa nyundo.

Ukidhani natia chumvi, kumbuka ya Ufaransa. Tarehe 31 Julai 2022 mwanafizikia Étienne Klein, mtu anayeheshimika kabisa, aliweka kwenye Twitter picha ya duara jekundu lenye madoa meupe. Akasema ni nyota Proxima Centauri, jirani wa karibu zaidi wa jua letu, imepigwa na darubini ya James Webb. Watu wakaipokea kwa mshangao mkubwa na kuisambaza. Ilikuwa kipande cha chorizo, soseji ya Kihispania. Baadaye akaeleza kwamba ulikuwa utani wa kutuonya tusiamini picha kwa sababu tu ya cheo cha aliyeituma, na akaomba radhi.

Watu wengi walimkasirikia Klein. Mimi nilikasirika kwamba hakuna aliyegawanya. Proxima iko umbali wa miaka 4.2 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5) na ni nyota ndogo. Ukipiga hesabu ya upana wake unavyoonekana kutoka hapa, kisha ukagawanya kwa upana wa pikseli moja ya kamera kali zaidi ya Webb, unapata kwamba uso mzima wa nyota hiyo ni karibu sehemu moja ya thelathini ya pikseli moja. Madoa yangetoka wapi? Hesabu yenyewe inaingia nyuma ya risiti ya supamaketi.

Sisi wanaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Namba bila kipimo ni mtego. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi, kwa sababu programu moja ilikuwa ikitoa msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, vya ratili, na nyingine ikiusoma kana kwamba ni vipimo vya metriki. Namba zilikuwa zilezile. Hakuna aliyezibandika kipimo. Picha isiyo na kipimo ni namba ya aina hiyo, tofauti ni kwamba inatundikwa ukutani na watu wanapewa juisi.

Lakini hoja yangu kubwa si hiyo. Hoja yangu ni kwamba picha hizi zinadanganya hata kuhusu sura ya ukubwa wenyewe.

Chukua mpira wa miguu, wa sentimita 22, uuite jua. Uweke katikati ya uwanja wowote Nairobi. Dunia kwa kipimo hicho ni punje ya milimita 2, na unaiweka hatua thelathini hivi kutoka kwenye mpira, mita 24. Neptuni, sayari ya mwisho, iko mita 700 na ushei. Utatembea karibu dakika kumi kuifikia. Kati ya hapo kuna punje chache tu na hewa. Halafu ukitaka Proxima, nyota jirani, tafuta ndimu ndogo na uipeleke Berlin. Sitanii. Kilomita 6,300 na kitu. Mpira Nairobi, ndimu Ujerumani, na kati yao karibu hakuna kitu. Huo ndio ukubwa wa ulimwengu, na hapo bado hujatoka kwa jirani.

Nilijaribu kuuchora kwenye skrini yangu yenye upana wa pikseli 1920, jua likiwa ukingo wa kushoto na Neptuni ukingo wa kulia. Jua likawa pikseli 0.6. Yaani jua lenyewe, baba wa wote, halikufika pikseli moja! Dunia ingebidi ikuzwe mara 180 ndipo ijaze pikseli moja. Nilichopata ni skrini nyeusi tupu, na dada yangu akapita nyuma akauliza kama stima zimepotea.

Mwaka 2014 Josh Worth alitengeneza ukurasa wa wavuti ambao ndani yake mwezi wetu umepewa pikseli moja, na kila kitu kingine kikafuata kipimo hicho. Inabidi usogeze ukurasa kwa mkono. Unasogeza, unasogeza, weusi mtupu, kidole kinauma. Mpaka Neptuni ni karibu skrini 675 kama yangu. Hakuna rangi ya kuvutia wala kutu ya dhahabu. Na ni ukurasa ulionifanya niogope anga kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto.

Mnaona tatizo? Anga ni tupu, na picha za maonyesho yale zimejaa hadi pembeni. Kila sentimita ina kitu cha kutazama. Zinamfundisha mtazamaji kwamba ukubwa ni wingi wa vitu, rangi juu ya rangi, msongamano kama wa Gikomba Jumamosi. Ni kinyume kabisa. Ukubwa wa ulimwengu ni nafasi isiyo na kitu, na njia pekee tuliyo nayo ya kuishika nafasi hiyo ni namba.

Sasa asije mtu akasema namchukia mpiga picha. Picha dhahania ya kweli ya ulimwengu ipo, na iliyo bora zaidi ilipigwa na mashine iliyokuwa ikienda zake. Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha Voyager 1, kikiwa kilomita bilioni 6 hivi kutoka hapa, kiligeuza kamera nyuma, baada ya Carl Sagan kuliomba jambo hilo kwa miaka. Itazame ile picha bila maelezo: michirizi ya mwanga uliotawanyika ndani ya kamera, punje punje za giza, na nukta moja hafifu. Ukiitundika kwenye maonyesho yoyote ya picha dhahania itapita bila maswali. Nukta ile ni Dunia, na haifiki hata pikseli moja. Ni pikseli 0.12. Picha ni ileile kabla na baada ya kuambiwa. Kinachokutoa machozi ni ile namba.

Au chukua ile ya Hubble ya Desemba 1995. Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi iliyosimamia darubini hiyo, aliamua kutumia muda aliotengewa kama mkurugenzi kuielekeza mahali palipoonekana patupu. Siku kumi, picha 342, zote za kipande cha anga kinachoingia mara milioni 24 hivi katika anga nzima. Wakapata galaksi karibu 3,000. Bila hizo namba mbili, milioni 24 na 3,000, umebaki na vumbi la rangi juu ya kitambaa cheusi. Ukizizidisha kichwani unakaa chini.

Na kwa wanaoniambia wasanii hawawezi kubebeshwa namba, namtaja Thomas Ruff, Mjerumani. Kati ya 1989 na 1992 alitengeneza mfululizo wa picha aliouita Sterne, yaani nyota. Hakupiga hata moja. Alipata negativu za kituo cha Ulaya cha falaki kilichoko Chile, akachagua vipande na kuvichapa kwa ukubwa unaompita mtu mrefu. Ni weusi wenye madoa meupe, dhahania kuliko dhahania yenyewe. Lakini kila picha jina lake ni anwani yake angani: saa, dakika na nyuzi. Unaweza kuchukua jina hilo leo, ukaliingiza kwenye programu ya bure kama Stellarium, ukaletwa mahali palepale. Je, uchawi umekufa? Picha ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho hadi leo.

Hata wa sufuria wapo waungwana. Christopher Jonassen wa Norway alipiga picha vitako vya vikaango vilivyochakaa, vikatokea kama sayari hasa, na hakumficha mtu kwamba ni vikaango. Kizuri chajiuza. Kutu nzuri ni kutu nzuri. Kwani lazima iitwe ulimwengu ndipo inunuliwe?

Najua kuna atakayenijibu kwamba hata NASA hupaka rangi picha zake, kwa hiyo wote ni walewale. La hasha. Ni kweli rangi za zile nguzo maarufu za gesi zilizopigwa na Hubble mwaka 1995 si zile ambazo jicho lako lingeona. Mwanga wa oksijeni ulipewa buluu, wa haidrojeni kijani, wa salfa nyekundu. Lakini hilo ni jedwali, na jedwali husomeka mbele na nyuma. Ukijua buluu ni oksijeni, unaweza kurudi kutoka kwenye rangi hadi kwenye gesi. Kutoka kwenye kutu ya mabati unarudi wapi?

Hapa niruhusuni kidogo niongee kama fundi. Faili ambalo wanafalaki hutunzia picha zao linaitwa FITS, kiwango kilichotumika tangu 1981. Kila faili lina kichwa, mistari ya maandishi ya kawaida kabisa kabla ya picha yenyewe: darubini ilielekea wapi, pikseli moja ni upana gani angani, mwanga ulikusanywa kwa sekunde ngapi, kupitia kichujio gani. Kichwa na mwili havitengani. Ukimtumia mtu picha umemtumia na kipimo chake. Simu yako nayo huandika kitu cha aina hiyo ndani ya kila picha unayopiga, halafu programu nyingi za kutumiana ujumbe hukifuta njiani. Tumezoea picha zisizo na kichwa kiasi kwamba mtu akiziambatanisha na kichwa tunaona ameleta fujo.

Na jambo hili si geni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza anga kwa eksirei. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili, jina ambalo wanafalaki wa dunia nzima wanalijua. Haikuwa na kamera ya kupiga picha za kutundika. Ilizunguka polepole ikihesabu eksirei kutoka kila upande. Ilichotuachia ni katalogi ya vyanzo 339, kila kimoja na mahali pake, nguvu yake, na kisanduku kinachosema tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi gani. Ukiichora unapata umbo la yai lenye nukta. Sijaona picha dhahania ya anga iliyo nyoofu zaidi ya hiyo: hata mipaka ya ujinga wake imeandikwa.

Nilikuwa nikimweleza mpwa wangu haya jioni ileile, nje, stima zikiwa zimepotea kweli safari hii. Nikamwonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake linatokana na kulima. Akauliza lilelile: mbali kiasi gani? Miaka 440 hivi ya nuru. Nikamwambia mwanga unaoingia machoni mwako sasa hivi uliondoka kule takriban miaka michache kabla ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593. Darasa lao liliizuru Fort Jesus muhula uliopita. Alinyamaza muda mrefu sana kwa mtoto wa umri ule.

Siku iliyofuata tulibandua sufuria kwenye manila. Ameamua kuiacha ile nafasi nyeusi wazi, akaandika kando yake kwa kalamu nyeupe: Proxima haionekani hapa, iko Berlin.

Kwa waandaaji nimetuma barua pepe Jumatatu. Nimewaomba wanirudishie ruhusa ya kuingia kwenye tovuti niweke mistari ile tena, bila malipo, na chini ya kila picha liandikwe jambo moja: hiki ni nini na kina upana gani. Hawajajibu. Kodi yenyewe (si ile ya KRA) ni mistari kumi na minne tu, na bado ninayo.